Sapu ya Mikataba na Swali la Mama: Namna ya Kujiandaa na UE

Matokeo ya UE ya semista ya kwanza yalinikuta Mtaa wa Congo, Kariakoo, nimesimama nyuma ya meza ya khanga na simu mkononi. Ilikuwa mwaka wa kwanza, kozi ya sheria. Masomo mengine yote nimetoboa. Sheria ya Mikataba nimepata 36. Anayejua anajua: chini ya 40 ni sapu.

Mama alikuwa anamkunjia mteja doti, akaniona uso ulivyobadilika.

"Vipi mwanangu, yametoka?"

"Bado mama, mtandao unasumbua."

Nilimdanganya kwa sababu nilijua ile 36 ingemwangukia nani. Mama alikuwa na kizimba cha viungo ndani ya Soko Kuu. Usiku wa Julai 10, 2021, mwaka ule nilioingia kidato cha tano, soko likaungua, na mtaji wake ukaenda na moto. Meza ya khanga tunayouza sasa ni ya mama mkubwa, sisi tumeshikizwa. Bumu likichelewa, nauli yangu ya kwenda Mlimani inatoka kwenye meza hiyo. Na pale Msimbazi majirani wameshaanza kuniita wakili. Wakili mwenye 36 ya Mikataba!

Naandika haya kwa sababu UE iko mlangoni na najua wapo wenzangu wanaosoma sasa hivi kama nilivyokuwa nasoma mimi: kwa saa nyingi, kwa moyo wote, na kwa njia isiyofaa. Mimi si kichwa. Ila sapu ilinilazimisha nijiulize swali ambalo waliopata A hawakulazimika kujiuliza: kusoma maana yake nini hasa?

Kosa halikuwa uvivu

Tuanze na ukweli ambao watu hawapendi kuusikia. Nilipiga msuli. Nilikuwa na madesa ya kaka zetu wa mwaka wa tatu, nimeyatoa kopi, nimeyapigia mistari ya njano mpaka ukurasa mzima ukawa wa njano. Nilisoma mara nne kutoka mwanzo hadi mwisho. Usiku wa kuamkia mtihani sikulala, nilikuwa na chupa ya kahawa chungu, na mpaka saa kumi alfajiri kila ukurasa niliofungua niliuona kama rafiki wa zamani.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kuutambua ukurasa ukiwa mbele yako ni jambo moja, kuutoa kichwani ukiwa haupo ni jambo jingine. Ukikutana na mtu uliyesoma naye shule ya msingi utamtambua mara moja, lakini jina lake linaweza lisije hata ukisimama naye dakika kumi. Chumba cha mtihani hakikuulizi kama unaitambua sura. Kinakuuliza jina.

Swali lililoniua lilihusu mtu aliyeambiwa bei ya cherehani. Akauliza kama anaweza kulipa kwa awamu mbili. Kabla hajajibiwa, akatuma ujumbe kwamba anakubali bei ile ile, fedha taslimu, na muuzaji akawa ameshamuuzia mwingine. Washauri wahusika. Niliandika kurasa mbili na nusu za tafsiri: mkataba ni nini, ofa ni nini, kukubali ni nini. Kila kitu nilichokariri nilikimwaga. Swali lenyewe sikulijibu, maana sikujua linauliza nini.

Wataalamu walishalipima jambo hili

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima zinavyopotea kadiri muda unavyopita. Aligundua kuwa sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, halafu kasi inapungua. Kwa maana hiyo, lekcha ya Jumatatu ambayo hujaigusa mpaka wiki ya UE huendi kuirudia. Unaenda kuisoma upya kabisa.

Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanachuo vifungu vya kusoma. Kundi moja likasoma kifungu mara nne. Kundi jingine likasoma mara moja, kisha mara tatu likafunga kifungu na kuandika kila linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, waliojipima wakabaki na 61.

Ukiziangalia vizuri namba hizo utaelewa kwa nini tunadanganyika. Kurudia kusoma kunalipa papo hapo, ndiyo maana saa kumi alfajiri nilijiona bingwa. Kujipima kunaumiza papo hapo, maana kunakuonyesha usivyojua, lakini ndiko kunakodumu. UE haifanyiki dakika tano baada ya kufunga daftari.

Swali la mama

Jioni ile nilishindwa kuendelea kudanganya. Tukiwa tunafunga mizigo nikamwambia. Mama hakugomba. Aliuliza tu:

"Hilo somo linahusu nini?"

"Linahusu watu wanavyouziana, mama. Makubaliano."

Akaniangalia, akaanza kucheka. "Sasa kuuziana umefelije, na umekulia Kariakoo?"

Nikacheka na mimi, lakini usiku sikulala vizuri. Mama hana daftari la bei. Khanga zile zina majina na bei tofauti, jumla na rejareja, na zinabadilika kila mzigo mpya ukiingia. Zote anazo kichwani. Hajawahi kukaa chini akazikariri. Anazijua kwa sababu kuanzia asubuhi mpaka jioni watu wanamuuliza. Na hawamuulizi kwa mpangilio wa meza. Huyu anauliza ya juu kulia, yule ya chini kushoto, mwingine anaitaja kwa jina bila kuiona. Kila swali linamlazimisha kuitoa kichwani. Siku nzima mama anafanya mtihani.

Kuanzia hapo nikampa kazi. Kila jioni tukifunga, namfundisha jambo moja la Mikataba kwa Kiswahili cha dukani, kisha na yeye ananiuliza. Siku ya kwanza nikamwekea kesi ya Hyde na Wrench ya mwaka 1840. Wrench alitaka kuuza shamba kwa pauni 1,000. Hyde akasema nakupa 950. Wrench akakataa. Hyde akarudi: basi nachukua kwa ile 1,000. Mahakama ikasema hakuna mkataba, kwa sababu Hyde alipotaja bei yake aliiua ofa ya kwanza.

"Kwa hiyo mama, khanga uliyoitundika na bei yake bado si ofa, huo ni mwaliko tu wa watu kuja kuzungumza. Lakini ukimwambia mteja nakuuzia hii kwa 14,000, hapo umetoa ofa. Akisema nipe kwa 11,000, ukakataa, akaenda hatua tatu akarudi na kusema leta kwa 14,000, hulazimiki kumuuzia."

Mama akafikiri kidogo. "Sawa. Na kama hakutaja bei? Kama kauliza tu, 'hupunguzi, mama?'"

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

Kesho yake nilikwenda maktaba mpya pale Mlimani, nikapekua mpaka nikakutana na kesi ya Stevenson na McLean ya mwaka 1880. Wanunuzi wa chuma walipewa bei, wakauliza kwa telegramu kama wanaweza kupewa muda wa kupokea mzigo kidogo kidogo. Mahakama ikasema kuuliza si kukataa. Ofa ilikuwa bado hai, na walipoikubali ndani ya muda, mkataba ukawepo. Nikakaa kwenye kiti nimeduwaa. Hilo ndilo lilikuwa swali la cherehani. Mama, ambaye hajawahi kuingia lekcha hata moja, aliniuliza swali la UE kwa maneno mawili.

Ninavyosoma sasa

Nimeyapanga kwa namba ili uweze kuyafuata. Mfano wangu ni wa sheria, lakini nina rafiki wa uhasibu na mwingine wa uhandisi wanaotumia hayo hayo.

1. *Anza na pasti pepa, usimalizie nazo.* Wengi wetu tunazihifadhi hadi tumalize kusoma, eti tusizichafue. Zichukue wiki ya kwanza kabisa ya maandalizi, za miaka minne au mitano. Usitafute majibu. Tafuta sura ya maswali: mada zipi zinarudi, zinaulizwa kwa namna gani, ni la kueleza au la kushauri. Hapo utajua unaposoma unasomea nini.

2. *Funga, andika, fungua.* Soma mada moja mara moja kwa utulivu. Funga kila kitu. Chukua karatasi tupu uandike unachokumbuka, hata kama ni mistari mitatu. Kisha fungua, na kwa kalamu nyekundu jaza ulichosahau. Nyekundu hiyo ndiyo ratiba yako ya kesho. Mimi nilikuwa natumia rangi ya njano kupamba ninachokijua, sasa natumia nyekundu kuonyesha nisichokijua.

3. *Rudi kabla hujasahau kabisa.* Mada ya leo naigusa tena keshokutwa, kisha baada ya wiki. Kila mguso ni dakika kumi na tano za kujiuliza, si kusoma upya. Saa sita zilizogawanywa kwenye wiki mbili zinakaa kichwani kuliko saa sita za usiku mmoja.

4. *Changanya.* Mteja haulizi kwa mpangilio wa meza, na mtunga mtihani vilevile. Usifanye maswali kumi ya mada moja mfululizo. Chukua moja la ofa, moja la uhalali, moja la fidia. Kazi ngumu kwenye mtihani huwa ni kutambua swali ni la mada gani, na ukisoma mada moja moja hiyo kazi hujaifanya hata siku moja.

5. *Mfundishe mtu asiye wa kozi yako.* Bingwa mwenzako atakuitikia hata ukisema nusu, kwa sababu nusu nyingine anaijua. Mama yako, mdogo wako, muuza kahawa wa mtaani atakuuliza "kwa nini?" Pale utakapoanza kubabaika ndipo penye shimo. Na diskasheni za vimbwetani tuziboreshe: mtu mmoja akiongea saa mbili na wengine wakaandika, hiyo ni lekcha ya bure. Kila mmoja aje na maswali mawili ya kuwauliza wenzake.

6. *Tumia foleni.* Naishi Msimbazi, nasoma Mlimani. Kwenye mwendokasi asubuhi huwezi kufungua kitabu. Mkono mmoja umeshika bomba, mwingine unalinda simu. Nilikuwa nahesabu muda huo kama hasara. Sasa najiuliza. Nikipanda Gerezani nachagua mada moja. Mpaka Fire niwe nimetaja vichwa vyake, mpaka Magomeni Mapipa niwe nimetaja kesi, Manzese nizieleze, Shekilango nijitungie swali, Ubungo nijibu. Nilichokwama nakiangalia nikifika. Bila kitabu, nimepata kipindi kizima cha kujipima.

7. *Lala.* Hili nililipinga muda mrefu. Usingizi ni wakati ambao ubongo unapanga rafu za yale ya mchana. Ukikesha unakuwa umeingiza mzigo dukani ukauacha mlangoni. Nimejiwekea sheria: siku ya kuamkia mtihani, saa nne usiku nimefunga.

Suala la lugha

Hapa nataka tuseme wazi. Wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili na tunafanya mtihani kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, lakini kwenye chumba chetu cha mtihani karatasi bado inasoma Kiingereza. Matokeo yake ni kukariri sentensi nzima kwa hofu ya kukosea, kisha swali likigeuzwa kidogo tunapotea.

Ninachofanya ni hatua mbili. Kwanza naielewa hoja kwa Kiswahili mpaka mama aweze kunibishia. Pili, na hii usiiruke, naandika jibu lile lile kwa Kiingereza, kwa mkono, kwa saa. Kuelewa peke yake hakutoshi, maana dakika za mtihani haziruhusu kutafuta maneno. Na kuandika bila kuelewa ndiko kulikonipa 36. Ukiruka moja, unasafiri kwa mguu mmoja.

Siku yenyewe

Kama unakaa mjini, panga njia. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Msimbazi unafurika na barabara inafungwa pale Jangwani, na ikifungwa mabasi yote yanatafuta njia za kuzunguka. Siku ya UE natoka kana kwamba Jangwani pamefungwa, hata jua likiwa linawaka. Heri kukaa kimbwetani saa nzima ukisubiri kuliko kuingia chumbani unahema.

Ukipewa karatasi, isome yote kwanza. Mtihani wa saa tatu wenye maswali manne una dakika 180. Nagawa hivi: dakika 10 kusoma na kuchagua, 40 kwa kila swali ambazo zinafika 160, na 10 za mwisho kupitia. Dakika 40 zikiisha nahama, hata kama nina utamu. Alama za mwanzo za swali jipya ni rahisi kupata kuliko alama mbili za mwisho za swali la zamani.

Kwenye maswali ya kushauri, andika pembeni kwa kifupi: ubishi ni nini, kanuni inasemaje, inaingiaje kwenye kisa hiki, basi nani ana haki. Usimwage tafsiri zote unazozijua. Msahihishaji hakukuuliza unajua nini, amekuuliza cherehani ni ya nani.

Mwisho

Sapu niliifanya Septemba, nikafaulu. Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu kilifutika. Sapu inakupa alama ya chini ya kufaulia tu hata ukiandika vipi, na ile C itabaki kwenye transkripti yangu, na GPA yangu inaikumbuka kila mwaka. Ndiyo maana naona bora nikuambie sasa kuliko ukutane na jambo hili baada ya matokeo. Mwaka wa pili sikupata sapu hata moja, na wala sikusoma saa nyingi zaidi ya zile za mwanzo. Nilisoma chache.

Nikipita Mtaa wa Lumumba kwenda Mnazi Mmoja huwa nakumbuka kwamba chuo chetu kilianzia pale, Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU, na kikundi kidogo cha wanafunzi wa sheria ambao wangeenea kwenye daladala moja. Mlimani tulihamia baadaye, mwaka 1964. Hao wa kwanza walisoma sheria karibu na kelele za soko hili hili. Kwa hiyo tuliopanga chumba kimoja Kariakoo, Manzese au Tandale, na usiku tunasomea kwenye muziki wa jirani, tusijione tumeonewa sana. Kelele zinasumbua, ni kweli. Lakini pembeni yako yupo mtu anayeweza kukuuliza swali, na hilo maktaba peke yake haliwezi kukupa.

Wiki iliyopita tulikuwa tunafunga meza. Nimeanza kusoma Sheria ya Ardhi, nikamweleza mama kuhusu hati ya kimila. Akafunga fundo la mwisho la mzigo, akauliza, "Na kama mwenye shamba amekufa hajaandika kitu, na ana wake wawili?"

Sijui jibu bado. Nimeliandika kwa kalamu nyekundu. Kesho asubuhi nikifika Fire nitaanza nalo.

Kila la heri kwenye UE. Tukutane vimbwetani, na uje na maswali yako mawili.